Ugali Uliovunja Arobaini

Kisa hiki chote kiligharimu mtetea mmoja aliyekuwa akitaga vizuri, mikate ya watu iliyoishia kuota ukungu, gunia la unga mweupe lililorudi Nairobi likiwa nusu, na wifi mmoja. Nimeipiga hesabu mara mbili na jibu halibadiliki. Kuku tulipata mwingine. Wifi hakupatikana tena, na mama yangu, mpaka tunamzika mwaka huu, hakuwahi kusema hata siku moja kwamba bei ilikuwa ya juu.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya kusaga hapa Amalemba, nikibishana na kijana wa mashine. Alitaka kunitoza zaidi kwa kuwa wimbi, ati, unasumbua chekeche lake. Nikamwambia atoe chekeche basi, mimi silihitaji, na anipunguzie kwa kuwa nimempunguzia kazi. Alicheka, lakini alipunguza. Kisha unga ukaanza kushuka, wa moto, rangi ya udongo wa kichuguu, na ile harufu ikapanda: kama mvua imenyesha juu ya kitu kilichokaangwa. Nikasahau hata kuhesabu chenji. Wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Nawaandikia nyinyi wa rika langu, tuliolishwa obusuma bwa obule, ule ugali wa wimbi, tukiwa hatuna sauti ya kukataa, na leo tunaupiga picha hotelini kama kitu kilichoshuka juzi.

Nyumbani kwetu ni Matungu. Baba alikuwa dereva wa trekta la miwa huko Kabras, analala huko wiki nzima, anarudi Alhamisi jioni ili Ijumaa aswali nyumbani. Mimi nilikuwa wa kwanza, umri wa kung'oka meno ya mbele. Ndugu yangu Athumani alikuwa mdogo, bado anavaa shati bila suruali na hakuna anayemuuliza. Mwaka huo mama alijifungua mtoto wa tatu, msichana, na kwa hivyo akaingia arobaini.

Kwetu, mzazi akiingia arobaini hatoki. Analala chumbani na mtoto wake, anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji, na miguu yake haivuki kizingiti cha jikoni mpaka siku ziishe. Jiko linashikwa na watu wa upande wa mume. Ni desturi ya huruma, sikatai. Mwanamke apumzike. Lakini kila huruma ina mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma wa hii ni kwamba kwa siku zote hizo mtu mwingine ndiye anayeamua watoto wako wale nini.

Aliyekuja kushika jiko alikuwa Senje, dadake baba. Alikuwa ameolewa Nairobi, na alifika na mizigo mingi na maoni mengi zaidi. Kitu cha kwanza kilichoshushwa kilikuwa gunia la unga wa mahindi uliokobolewa, mweupe kama kanzu ya Idi. Kitu cha pili kilichofanyika ni kwamba chungu cha wimbi kilitolewa jikoni kikapelekwa darini, kukaa na panya.

"Watoto wa kaka yangu hawawezi kula kitu cha rangi ya matope," alisema. "Watu wanakuja kuona mtoto. Wataona nini?"

Na watu kweli walikuja. Kuona mtoto si kuja mikono mitupu. Huyu analeta sukari, yule sabuni, na karibu kila mmoja analeta mkate, kwa kuwa mkate unabebeka na unaonekana. Mikate ilipangwa juu ya kabati sebuleni mpaka ikafanana na ukuta. Kulikuwa na biskuti. Kulikuwa na soda. Senje alikuwa mkarimu, hilo lazima niseme, na mikono yake haikujua kufunga. Asubuhi mkate na chai ya maziwa. Mchana ugali mweupe, laini, unateleza bila kutafunwa, na supu ya nyama. Jioni mkate uliobaki. Mrenda, kunde, maharagwe, viazi vitamu vya kuchemshwa na maganda yake, vitu tulivyokula kila siku, aliviita chakula cha siku za shida. Mapapai yalikuwa yanaiva na kuanguka nyuma ya nyumba, ndege wanashiba.

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Tena nilikuwa na sababu za dini. Madrasa tulikuwa kwenye somo la tohara, na Maalim alikuwa anatufundisha kwamba Mwislamu ni msafi wa mwili, wa nguo na wa mahali pa kuswalia. Nikaweka somo la Maalim upande mmoja na maneno ya Senje upande wa pili, nikapata jibu ambalo hakuna aliyenifundisha: kwamba cheupe ni tohara na cha kahawia ni najisi. Niliwatangazia wenzangu wa mkekani kwamba mtu akila ugali wa wimbi ni bora asukutue kabla ya kugusa msahafu. Wawili waliniamini. Mmoja alinishukuru.

Athumani, kwa upande wake, aliacha kwenda haja.

Sikujua kuwa ni ugonjwa. Nilikuwa mtoto wa soko hata kabla sijafika sokoni, na nilivyoliona jambo lile, lilikuwa la kupendeza. Sisi wengine wote tulikuwa tunaenda chooni na kurudi watupu. Athumani alikuwa anaenda na kurudi na mali yake yote. Tumbo lake lilikua, likawa gumu, likang'aa. Niliona ni akiba. Niliona ameamua kujiwekea mpaka siku ya kunyolewa mtoto, na nikamheshimu, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwahi kuweka kitu kikalala. Alipoanza kulia nyuma ya migomba, amejikunja, ameshika shina kwa mikono yote miwili, nilidhani analia kwa kuwa mtu amemwambia atoe.

Halafu akaacha kula. Halafu akaacha kucheza. Alikuwa analala kwa ubavu kwenye mkeka, na ukimgusa tumboni anakutazama kama umemvunjia kitu.

Senje aliogopa. Namtendea haki: aliogopa kwa kweli, hakuwa mwanamke mbaya. Lakini hofu yake ilienda njia aliyoijua. Watu wengi walikuwa wameingia nyumbani, watu wengi walimwona mtoto akila, na mtoto amevimba tumbo. Kwetu hapo hesabu imefungwa. Hilo ni jicho. Akaitwa mama mmoja wa kutoa jicho, mwembamba, mwenye sauti ya chini, akaja mchana baada ya Adhuhuri. Alimkanda Athumani kwa samli, Athumani akapiga kelele. Akasema ni mkate ulioliwa mbele ya macho ya mtu, umekwama kwa sababu ya macho hayo, na kesho atakuja na wembe mpya amchanje tumboni kidogo tu, aunyonye utoke. Leo achukue malipo ya kuanzia. Kuku, na awe anayetaga.

Mama alikuwa chumbani na mtoto. Vilio vya Athumani alikuwa ameambiwa ni vya meno, kisha ni vya wivu, kwa kuwa kila mtoto hulia akipata mdogo wake. Lakini alipokamatwa yule mtetea, mama alimjua kuku wake kwa sauti. Mlango wa chumba ukafunguliwa.

Sijui kama mmewahi kumwona mzazi akitoka kabla ya siku zake. Alikuwa amejifunga leso moja kifuani na nyingine kichwani, mtoto amempakata, miguu peku. Hakuwa mtu mkubwa. Alisimama pale kama mtu aliyekuja kudai.

"Mulamwa," alimwambia Senje, ndivyo mawifi wanavyoitana kwetu, "huyo kuku anaenda wapi?"

"Anaenda kumtoa mtoto wako jicho. Rudi ndani, Mama Zaituni. Upepo utakuingia."

"Jicho la nani?"

"La watu. Unafikiri wote wanaokuja hapa wanakuja kwa wema?"

Mama alinigeukia mimi. "Zaituni. Ndugu yako amekula nini leo?"

Mkimuuliza mtu anayehesabu, mtapata hesabu. Nikamwambia: mkate, chai, mkate, biskuti za yule mama wa duka, halafu akakataa ugali. Na jana? Vivyo hivyo, ila jana kulikuwa na soda. Mboga? Nikasema Senje alisema mboga ni za siku ya shida. Maji? Nikasema kwani soda si maji.

Mama alimpa bibi mmoja jirani amshikie mtoto mchanga. Akainama, akamwinua Athumani, akaweka kiganja kwenye tumbo lile, akakiacha hapo.

"Jicho lipo," alisema, na sauti yake haikupanda. "Limetajwa na Mtume, sibishani nalo. Lakini huwezi kumzibia mtoto mlango kwa mkate, halafu ukatoka nje kutafuta mchawi aliyeshika ufunguo. Hachanjwi mtu hapa."

"Basi utafanya nini? Wewe uko arobaini."

"Nitampeleka kwa daktari. Nikirudi nitapika."

Senje alisogea akasimama mlangoni mwa jiko. Hakumgusa mama. Aliweka tu mwili wake hapo, na alikuwa na mwili wa kutosha. "Ukivuka hiki kizingiti kabla ya arobaini," alisema, "usiniite tena kwa jambo lolote la nyumba hii. Si arusi, si kilio. Na mtoto wako mchanga akipatwa na lolote, wasije wakasema sikukuonya."

Mimi niliutazama mguu wa mama. Nilidhani utarudi nyuma, kwa kuwa katika maisha yangu yote sikuwa nimeona mtu akimpinga dada wa mumewe mchana, mbele ya watu. Mama alimwinua Athumani juu kidogo begani, akageuka ubavu apate kupita penye nafasi, akaingia jikoni. Alisimama katikati, karibu na mafiga.

"Nimevuka," alisema.

Yule mama wa jicho alikuwa tayari anaondoka, na kuku chini ya kwapa. Nilimfuata mpaka njiani kumdai. Nilimwambia kazi haijafanyika, kwa hivyo kuku arudi, au basi tugawane mayai. Alisimama akanitazama kwa makini. "Wewe utakuwa mwanamke wa soko," akasema, akaenda na kuku. Unabii wake ndio kitu pekee tulichopata kwa bei ile.

Zahanati haikuwa mbali. Mama alitembea, mtoto mchanga mgongoni, Athumani begani, mimi nyuma na chupa ya maji. Watu walitoka madukani kumtazama. Nesi alimbonyeza Athumani, akauliza kama nilivyoulizwa mimi, nikajibu tena orodha yangu, safari hii kwa fahari kidogo. Nesi akasema, "Huyu hana jicho. Huyu ana mkate." Alimpa dawa ya maji ya kulainisha, akamweleza mama mambo ambayo mama aliyajua tangu kwa mama yake: unga usiokobolewa, mboga za majani, maharagwe yapondwe, papai, na maji kila mara. Akaongeza jambo moja ambalo mama alilishika maisha yake yote. Usimjazie kwa pupa, alisema. Kidogo kidogo, kila siku, na maji. Makapi bila maji yanafunga zaidi.

Tulirudi. Chungu cha wimbi kikashuka kutoka darini. Mama alipepeta, akakaanga kidogo kwenye kigae, akasaga kwa jiwe kwa kuwa hakutaka kungoja mashine, na ile harufu ikajaa nyumba nzima, ikaingia mpaka sebuleni kwenye mikate ya watu. Alipika uji mwembamba wa Athumani. Alituchemshia mrenda na kunde, akasonga ugali wa wimbi uliochanganywa na mtama, mzito, wa kahawia, akaukata kwa uzi kama bibi alivyokata zamani.

Na mimi nikakataa kula.

Ndiyo. Baada ya yote hayo. Nilikuwa na dini yangu. Nilimwambia mama kwamba kile chakula si tohara na kwamba mimi nina udhu. Senje, aliyekuwa amekaa kibarazani akifunga mizigo polepole ili abembelezwe, alicheka kwa sauti. Kicheko kile kilimuuma mama kuliko maneno, nilikiona kikimfika. Lakini hakunipiga. Alisema tu, "Nenda kwa Maalim ukamuulize. Ukirudi utaniambia amesema nini, na utaniambia kwa sauti."

Nilikwenda. Maalim alikuwa ameketi nje ya madrasa, anaweka tena vifungo vya kanzu yake kwa sindano. Nikamsalimia, Asalaam aleikum, nikamweleza kwamba mama yangu anatulisha cha kahawia. Nilieleza vizuri. Nilidhani atakuja nyumbani na fimbo.

Aliniuliza kama nilidhani Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikula unga wa namna gani. Nikasema mweupe. Maalim akakata uzi kwa meno.

"Hakuuona," alisema. "Maswahaba waliulizwa jambo hilo hilo unaloniuliza. Hawakuwa na chekeche. Walisaga shayiri, wakaipuliza. Makapi ya kuruka yaliruka, yaliyobaki waliyakanda wakala. Sasa wewe umekuwa msafi kuliko nyumba ile?"

Aliendelea kushona. Akaniambia tumbo la mtoto ni amana, na kwamba mwili una haki yake juu ya mwenye mwili, na mtoto asiyeweza kudai haki hiyo, mzazi wake anamdaia. Nikaona pale pale kwamba mama alikuwa amemdaia. Kisha nikakumbuka lile kubwa zaidi, nikauliza kuhusu arobaini, kama mama ametenda dhambi. Akasema siku zile zinahusu swala na saumu ya mzazi na mambo ya nyumba yasiyonihusu, na hata hizo huisha mapema damu ikikoma. "Sufuria haimo," alisema. "Sufuria mmeiweka wenyewe."

Nilirudi nikasema kwa sauti, kama nilivyoagizwa. Nilisema mpaka kibarazani pasikike. Kisha nikala. Ulikwaruza kidogo, ulitafunwa, ulikuwa na ladha ya kitu kilichotoka ardhini na hakina aibu. Sikuomba nyongeza, kwa kuwa nilikuwa na kiburi. Lakini nilipangusa sahani.

Siku iliyofuata ilipita, na hakuna. Uji, papai, maji, mrenda. Mama alimtembeza Athumani uwanjani akimshika mkono, amemkanda mgongo, na Senje akawa anatazama bila kutazama. Nadhani hata yeye alikuwa anaomba, ingawa sijui aliomba iwe hivi au vile. Asubuhi ya pili yake Athumani alimwacha mama katikati ya uwanja akaenda nyuma ya migomba mwenyewe, kwa haraka ya mtu mwenye miadi. Bibi jirani aliacha kufagia. Athumani alilia, akanyamaza, akalia tena, kisha akaita, kwa sauti ya mtu aliyeuza ng'ombe: "Mama, kuja uone!"

Mama alikwenda akaona. Akasema Alhamdulillahi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiitumia hata siku ya Idi.

Madrasa tulifundishwa dua ya kutoka chooni. Mtu anamshukuru Mungu aliyemwondolea udhia akampa afya. Nilikuwa nimeikariri bila kuielewa, na kusema kweli niliiona ya ajabu: kwa nini mtu amshukuru Mungu kwa jambo lile, tena kwa Kiarabu? Asubuhi hiyo nilimwona mama yangu amechuchumaa nyuma ya migomba, amemkumbatia mtoto asiye na suruali, analia na kucheka, na dua ile ikaniingia yote kwa mara moja. Nilihuzunika kidogo kuhusu akiba. Lakini niliona kwamba kuna mali ambayo faida yake ni kuitoa.

Baba alirudi Alhamisi akakuta mke wake jikoni na dada yake kibarazani na mizigo. Alielezwa mara mbili, kwa njia mbili. Alikaa. Akaletewa ugali wa wimbi na kunde, akala mpaka mwisho, akanawa. Senje alimuuliza kama hana la kusema. Baba, ambaye alikuwa mtu wa trekta na si wa maneno, alisema, "Mtoto anacheza." Hiyo ndiyo hukumu iliyotolewa. Ijumaa Senje aliondoka na gunia lake, na kama alivyoahidi, hakuitwa. Kwa upande wake hakuja. Si arusi, si kilio.

Na usidhani mama alisamehewa na watu. Kila mtoto yule mchanga alipokohoa, kulikuwa na mtu wa kukumbusha kwamba mama yake alitoka arobaini. Alipochelewa kutembea, arobaini. Alipoumwa na malaria kama watoto wote wa Matungu, arobaini. Mama aliendelea kusonga. Wageni wakija, hata wa heshima, hata wa mahari, aliwaletea kuku na obusuma bwa obule, na akiona mtu anatazama rangi anamwambia huo ndio uliokuwa ugali wa wazee, mweupe ulikuja nyuma yake na mashine. Mtoto yule wa arobaini iliyovunjwa sasa ni mwanamke mwenye watoto na kilo ambazo sitazitaja. Na Senje, nasikia, daktari wa Nairobi amemwandikia wimbi kwa ajili ya sukari. Anaula. Mama alipousema ulikuwa ushamba.

Sasa nifike kwa lililonikalisha kuandika.

Athumani amekuwa mtu mzima. Anauza mahindi kule Likuyani, ana mke, Rukia, na binti wa umri ule ule aliokuwa nao yeye. Wiki iliyopita Rukia alijifungua wa pili. Athumani alinipigia simu. Alinipa habari njema, nikamwombea dua, kisha akashusha sauti. Yule binti mkubwa hana raha, alisema. Analialia, anajikunja, tumbo limekaza. Anakulanga mkate na chipsi tu, mboga anatupa. "Dada, wewe ndiye senje wa nyumba hii," akasema. "Njoo ushike jiko mpaka arobaini iishe."

Neno lile lilinikaa vibaya. Sikuwa nimewahi kujihesabu humo.

Jioni yake Rukia mwenyewe alipiga. Sauti ya mtu aliyelala, ya heshima. Wifi, karibu sana, alisema, nyumba ni yako. Ila mtoto wangu usimpe vile vitu vya rangi ile, nasikia wewe unavipenda. Amezoea vyake, na mimi siwezi kutoka kumtazama. Nikasema nimesikia. Nilisema nimesikia, sikusema nimekubali. Huo ni ujanja wa sokoni na najua wengi wenu mnaujua.

Kwenda nitaenda, hilo siombi ruhusa ya mtu. Na mtoto yule hatakaa na tumbo la jiwe huku mimi nimeshika mwiko, hilo pia limeamuliwa. Asiyependa anilaumu, nilishazoea. Lakini mama yangu alinifundisha mambo mawili kwa mguu mmoja ule ule uliovuka kizingiti. La kwanza, mtoto alishwe kitu chenye makapi yake. La pili, wifi hasimami kati ya mwanamke na watoto wake. Nikishika la kwanza kwa nguvu, la pili linanidondoka, na mara hii aliyesimama mlangoni mwa jiko, mwenye mwili wa kutosha, ni mimi.

Kwa hivyo nawauliza nyinyi mliowahi kuwa mawifi na mliowahi kuwa wazazi wa arobaini. Jumamosi nikishuka Likuyani na mzigo wangu, niingie kwanza jikoni, au niingie kwanza chumbani kwa Rukia, nikae chini, nimweleze habari za migomba ya Matungu, na ningoje aniambie ndiyo? Na akisema hapana, nifanyeje?